Faili lenye majina mawili: kisa cha Microsoft na TomTom, 2009

Tarehe 25 Februari 2009 Microsoft ilifungua mashauri mawili kwa mpigo dhidi ya TomTom, kampuni ya Amsterdam inayotengeneza vifaa vya kumwelekeza dereva njia. Moja lilipelekwa katika mahakama ya shirikisho mjini Seattle. La pili lilipelekwa mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, chombo chenye uwezo wa kuzuia bidhaa isiingie nchini humo kabisa. Hataza zilizotajwa, yaani haki za kisheria zinazomzuia mwingine kuutumia uvumbuzi bila ruhusa ya mwenyewe, zilikuwa nane. Tano zilihusu kompyuta za ndani ya gari na uelekezaji njia, na zingekuwa hizo peke yake, habari ingeishia kwenye kurasa za biashara. Tatu zilizobaki zilihusu namna mafaili yanavyohifadhiwa, na kazi hiyo ndani ya kifaa cha TomTom haikufanywa na programu iliyoandikwa Amsterdam. Ilifanywa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioandikwa na watu wengi duniani na kutolewa bure.

Siku 33 baadaye kesi ilikuwa imekwisha. Hakuna shahidi aliyepanda kizimbani, wala jaji aliyesema nani ana haki. Pesa zililipwa kwa kiasi kisichotangazwa, taarifa ikatolewa, kila upande ukarudi kazini kwake. Hata hivyo, mtu akiniuliza kwa nini waandishi wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa, hukunja uso wakisikia habari za hataza, simpeleki kwenye vita vya Apple na Samsung wala vya Oracle na Google. Nampeleka kwenye kesi hii. Kinachogombewa hapa ni kidogo kiasi kwamba yeyote aliyewahi kuchomeka memori kadi kwenye simu atakielewa, na udogo wake unaweka wazi jambo ambalo kesi kubwa hulifunika kwa mabilioni: hataza ya programu inaweza kuwa na nguvu kubwa hata kama uvumbuzi wenyewe haumvutii mtu, mradi tu watu hawana pa kupita isipokuwa hapo.

Jina refu na jina fupi

FAT ni mfumo wa kupanga mafaili ulioandikwa Microsoft na Marc McDonald mwaka 1977, ukaja kuenea duniani pamoja na MS-DOS, mfumo wa Microsoft wa kuendesha kompyuta uliotangulia Windows. Ni mwepesi, wa kizamani, na mfumo wenyewe haukuwa na hataza. Kasoro yake iliyowakera watu ni majina: herufi nane, nukta, kisha herufi tatu, basi. Barua ya kwenda kwa mwenye nyumba ilibidi iitwe BARUAMNY.DOC, na aliyeiandika akumbuke mwenyewe maana yake.

Windows 95 ilipoleta majina ya hadi herufi 255, Microsoft ilikutana na tatizo la kujitakia. Programu za zamani zilitegemea kila faili liwe na nafasi ya baiti 32 katika saraka, yaani orodha ya mafaili iliyomo kwenye diski, 11 kati yake zikiwa za jina. Kuubadili mpangilio huo kungeziangusha. Ikaamuliwa kwamba kila faili lenye jina refu litakuwa na majina mawili. Picha iitwayo "Harusi ya Mwajuma.jpg" inabaki na nafasi yake ya kawaida, ambamo inaandikwa HARUSI~1.JPG. Mbele ya nafasi hiyo zinawekwa nafasi nyingine za ziada, kila moja ikibeba herufi 13 za jina kamili. Hizo za ziada zinatiwa alama nne kwa wakati mmoja: la kusomwa tu, lililofichwa, la mfumo, na lebo ya diski. Mchanganyiko huo hauna maana yoyote, na faida yake ndiyo hiyo, kwani DOS ya zamani ikikutana nao huupita bila kuugusa. Windows mpya inaujua, inaokota vipande na kuunganisha jina.

Ni ujanja wa fundi hodari, sina ubishi. Lakini tuuone ulivyo: ni njia ya kuishi na uamuzi wa miaka ya 1970 bila kuwavunjia wateja programu zao. Aliyeanza kutengeneza mfumo wa mafaili bila mzigo huo asingehitaji kitu cha namna hiyo. Mifumo ya Unix ilikuwa na majina marefu siku nyingi, tena jina moja tu kwa faili.

Microsoft iliombea hataza ujanja huo Aprili 1993. Kutokana na ombi hilo zikatoka hataza mbili za Marekani ambazo ndizo kiini cha kisa chetu: namba 5,579,517 iliyotolewa Novemba 1996, na namba 5,758,352 ya Mei 1998. Hataza ya tatu ya mafaili katika kesi ya TomTom ilihusu usimamizi wa kumbukumbu ya flashi, nami naiacha kando, maana ugomvi wa kweli haukuwa hapo.

Angalia kilichofuata baada ya 1995. Kamera za dijitali zilikuja, zikatumia FAT. Flashi za USB zilikuja, zikatumia FAT. Memori kadi nazo zikawa hivyo hivyo. Hakuna mhandisi aliyekaa akalinganisha mifumo kumi na kuona FAT ndiyo bora. Kilichoamua ni kwamba mteja akiitoa kadi kwenye kamera na kuichomeka kwenye kompyuta yenye Windows, ni lazima picha zionekane. Kadi iliyopangwa kwa mfumo wa Linux ikichomekwa humo, Windows inapendekeza kuifuta na kuipanga upya. TomTom nayo ilikuwa katika hali hiyo: wateja wake waliunganisha kifaa na kompyuta ya nyumbani ili kupakua ramani mpya, na kompyuta ya nyumbani mwaka 2009 ilikuwa Windows. Hivyo hataza iliyolinda namna ya kuandika jina fupi pembeni ya jina refu ikageuka kuwa hataza juu ya mlango wa kuingilia kwenye kompyuta za watu.

Desemba 2003 Microsoft ilitangaza bei ya mlango huo: senti 25 za dola kwa kila kifaa, isizidi dola 250,000 kwa mtengenezaji mmoja. Kwa kampuni ya kamera hizo ni hela za chai. Basi kelele za nini?

Senti 25 ambazo Linux haiwezi kulipa

Ugumu uko kwenye leseni. Kerneli ya Linux, yaani kiini chake, inatolewa chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la pili, la mwaka 1991, na kifungu chake cha 7 kilitungwa na watu walioiona siku hii inakuja. Kinasema hivi, kwa ufupi wangu: kama hataza au hukumu inakufunga usiweze kuwapa wengine programu hii kwa uhuru uleule uliopewa wewe, basi huna ruhusa ya kuigawa kabisa. Chenyewe kinatoa mfano wa leseni ya hataza isiyoruhusu kila aliyepata nakala, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, kuigawa bila kulipa mrabaha.

Tazama mtego ulivyo. TomTom ikikataa kulipa, inashitakiwa na bidhaa zake zinaweza kuzuiwa bandarini. Ikilipa senti 25 kwa kila kifaa chake na kupata leseni inayoilinda yenyewe tu, inakuwa imekubali sharti ambalo GPL inalikataza, na maelfu ya watu walioandika Linux wanapata sababu ya kuidai kwa kuvunja hakimiliki yao. Na hata kama mtu angetaka kuilipia Linux nzima, angelipa kwa hesabu ipi? Nakala hazihesabiki. Mwanafunzi wa Dodoma anayeipakua usiku na kuwanakilia wenzake watano hana dirisha la malipo la kupita. Mfumo wa mrabaha kwa kila nakala unadhani kuna mtu mmoja mlangoni anayehesabu, na programu huria imejengwa makusudi bila mtu huyo.

Microsoft ilikuwa na hoja zake, na si haki kuzipita. Horacio Gutierrez, naibu mwanasheria mkuu wake wakati huo, alisema kesi haikuilenga Linux wala programu huria. Ilihusu namna TomTom ilivyotumia kerneli hiyo ndani ya bidhaa zake, na mazungumzo yalikuwa yamekwenda zaidi ya mwaka bila kuzaa matunda. TomTom, tukiri, haikuwa kikundi cha watu wanaojitolea jioni. Ilikuwa kampuni yenye wanahisa, ikiuza kifaa kwa mamia ya euro. Aliye na hataza halali akimdai anayeuza, kuna ubaya gani?

Ningeikubali hoja hiyo kirahisi zaidi kama isingekuwa na historia nyuma yake. Mei 2007 viongozi wa sheria wa Microsoft, Gutierrez akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba programu huria inavunja hataza zao 235, na kwamba 42 kati ya hizo zinavunjwa na kerneli ya Linux. Zipi? Hawakuzitaja. Mtu ambaye kweli anataka uvunjaji ukome huonyesha mahali ulipo, ili mvunjaji arekebishe. Namba bila orodha inafanya kazi nyingine: inamtia wasiwasi mwanasheria wa kampuni inayofikiria kutumia Linux, mpaka aone heri atie saini mkataba wa siri kuliko kusubiri. Kampuni kadhaa zilitia saini. Kesi ya TomTom ikahesabiwa kuwa mara ya kwanza Microsoft kuziweka mezani, mbele ya mahakama, hataza zilizogusa kerneli yenyewe.

Karatasi iliyokufa na kufufuka

Je, hataza hizo zilikuwa imara? Hapo kuna mkasa wa pekee yake. Aprili 2004 taasisi ya New York iitwayo Public Patent Foundation iliiomba Ofisi ya Hataza ya Marekani iichunguze upya namba 5,579,517. Miezi michache baadaye wakaguzi walitoa maoni ya awali ya kuyakataa madai yake yote, na watu wa programu huria wakashangilia. Walishangilia mapema. Januari 2006 ofisi hiyohiyo iligeuka, ikaithibitisha. Hataza iliyopita kwenye uchunguzi ikatoka hai huwa kali kuliko mwanzo, kwa sababu mshitakiwa hawezi tena kusema kirahisi kwamba ilitolewa kwa uzembe.

Ujerumani mambo yalikwenda zigizaga zaidi. Mwaka 2007 Mahakama ya Hataza ya Shirikisho ilibatilisha hataza ya Ulaya ya ujanja uleule. Aprili 2010 mahakama ya juu ya Karlsruhe ikaubatilisha ubatilishaji. Desemba 2013 Mahakama ya Hataza, safari hii katika ugomvi wa Microsoft na Motorola, ikaiangusha tena. Wakati huo wote ujanja ni uleule, nafasi ya saraka ni zile baiti 32 zilezile. Kama majaji wenye utaalamu wa hataza, wakiwa na miaka na mashahidi, hawakukubaliana, sijui mwandishi wa programu mwenye umri wa miaka 22 alitarajiwa kujuaje kabla hajaandika mstari wake wa kwanza.

Na ni kwa sababu hiyo hoja ya "angalisoma hataza kwanza" hainishawishi. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia kuongezwa hadi mara tatu dhidi ya aliyevunja kwa kujua. Matokeo yake wanasheria wengi huwaonya wahandisi wao wasizisome hataza za wengine. Mfumo uliobuniwa ili wavumbuzi waweke elimu yao hadharani umewafikisha mahali ambapo kuisoma elimu hiyo ni hatari.

Mapatano

TomTom ilijibu kwa njia mbili. Iliishitaki Microsoft katika jimbo la Virginia kwa hataza zake nne, ikilenga programu ya ramani ya Streets & Trips. Kisha ikajiunga na Open Invention Network, chombo kilichoanzishwa 2005 na IBM, Novell, Philips, Red Hat na Sony ili wanachama wasishitakiane kwa hataza zinazogusa Linux. Ilionekana kana kwamba vita vinaanza.

Tarehe 30 Machi vilikwisha. TomTom ilikubali kuilipa Microsoft kwa hataza zote nane. Microsoft ikapata kinga kwa hataza nne za TomTom bila kulipa. Muda wa mapatano ulikuwa miaka 5. Kuhusu hataza za mafaili, taarifa ilisema kinga inatolewa kwa namna inayoheshimu kikamilifu wajibu wa TomTom chini ya GPL toleo la pili. Na kuhusu zile mbili za majina marefu, TomTom iliahidi kuuondoa utendaji huo kwenye bidhaa zake ndani ya miaka miwili, na katika kipindi hicho kinga ingetolewa moja kwa moja kwa wateja wa mwisho wa TomTom.

Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, maana wanasheria walilipwa vizuri kuitunga. Kwa hataza za majina marefu, aliyekingwa ni mteja, si TomTom. Kwa kuwa TomTom haishiki leseni yenye masharti, inaweza kudai kwamba kifungu cha 7 hakijaguswa. Kwa kuwa mteja amekingwa, hakuna wa kumshitaki. Na kwa kuwa utendaji utaondolewa, Microsoft inaweza kusema hataza zake zimetambuliwa. Kila upande ulipata maneno ya kuwaambia watu wake. Jim Zemlin, aliyeongoza Linux Foundation, aliwataka watengenezaji waachane na FAT kabisa. Ushauri mzuri kwa mtu asiye na mteja mwenye Windows.

Kwa nini TomTom haikupigana? Mwaka uliotangulia ilikuwa imeinunua Tele Atlas, kampuni ya ramani, kwa takriban euro bilioni 2.9, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Mtikisiko wa uchumi ulipofika, katika hesabu za 2008 ikalazimika kufuta zaidi ya euro bilioni 1 ya thamani ya ununuzi huo. Kampuni yenye deni la namna hiyo haiwezi kukaa miaka mitatu ikisubiri hukumu huku soko la Marekani likiwa rehani mbele ya tume. Microsoft ilijua kuchagua. Nasema hivyo bila uchungu. Mlalamikaji yeyote mwenye wakili mzuri huangalia mfuko wa mdaiwa kabla ya kuangalia ushahidi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kampuni ni ya Uholanzi, na miaka minne tu nyuma, Julai 2005, Bunge la Ulaya lilikuwa limeikataa sheria ya pamoja kuhusu hataza za uvumbuzi unaotumia kompyuta kwa kura 648 dhidi ya 14. Ushindi huo wa wanaharakati haukuisaidia TomTom kwa lolote, kwani hataza ni mali ya nchi kwa nchi, na yeye alishitakiwa alikokuwa akiuza. Kwa mantiki hiyohiyo hataza ya Marekani haina nguvu Dar es Salaam wala Mombasa. Lakini kiwanda hakitengenezi programu moja ya simu za Marekani na nyingine ya simu za Kariakoo kwa ajili ya senti 25. Kinachoondolewa kule kinaondolewa kote.

Kiraka cha Tridgell

Sehemu inayonivutia kuliko zote ilikuja baada ya mapatano. Andrew Tridgell wa Australia, aliyeanzisha Samba mwaka 1992 ili kompyuta za Unix ziweze kubadilishana mafaili na za Windows, aliketi na wanasheria wa hataza kutafuta namna ya Linux kuukwepa ujanja huo bila kuivunja memori kadi ya mtu.

Mei 2009 alipeleka kiraka cha kwanza, yaani kipande cha msimbo cha kurekebisha programu iliyopo. Kilikuwa kikali: Linux ingeweza kuyasoma majina marefu, ila isingeyaumba. Faili jipya lingepata jina la herufi nane na tatu, kama enzi za DOS. Watu hawakufurahi. Mwisho wa Juni akaja na cha pili, na hiki ni kazi ya mtu anayesoma madai ya hataza kwa jicho la mtengeneza programu. Hataza zilidai kitendo cha kuliwekea faili jina refu na jina fupi pamoja. Basi, akasema, faili liwe na moja tu. Jina likitosha kwenye herufi nane na tatu, andika fupi peke yake. Lisipotosha, andika refu peke yake, na pale mahali pa jina fupi jaza baiti ambazo haziwezi kabisa kuwa jina halali la faili. Windows ikilifungua saraka inaliona jina refu na kuendelea na shughuli zake. Jina fupi halipo. Kilichopo ni takataka iliyojazwa kwa makusudi.

Na takataka hiyo ilihitaji umakini. Ikiwa mafaili mawili yangepata baiti zilezile mahali pa jina fupi, Windows XP ingeweza kuchanganyikiwa hadi kuanguka. Kwa hiyo baadhi ya baiti zilijazwa kwa bahati nasibu, ili uwezekano wa kugongana uwe mdogo sana. Vifaa vingi vilijaribiwa kimoja kimoja, na bado baadhi ya vifaa vidogo, vicheza muziki kwa mfano, vilisumbuka na mafaili ya aina hiyo. Fikiria: mmoja wa waandishi bora wa programu duniani anatumia wiki kadhaa kuandika msimbo ambao haufanyi kitu chochote kipya, haumsaidii mtumiaji hata mmoja, unaongeza hatari kidogo ya kompyuta kuanguka, na unafaa kwa sababu moja tu, kwamba wakili anaweza kusimama na kusema hapa hakuna jina fupi. Mjadala wa kama hataza zinachochea uvumbuzi huendeshwa kwa takwimu za ofisi na vitabu vya uchumi. Mimi naukumbuka kiraka hiki kwanza.

Ndani ya jumuiya ya kerneli mapokezi yalikuwa ya baridi. Kwa kawaida anayeleta kiraka anaeleza sababu, wenzake wanaibomoa sababu hiyo hadharani, na kinachobaki ndicho kinachoingia. Tridgell alieleza ufundi wote, ila alipoulizwa kwa nini wanasheria wanaamini njia hii inakwepa hataza, alisema hawezi kulizungumza hilo hadharani. Alikuwa sahihi kunyamaza, maana kila neno lingeweza kunukuliwa mahakamani na upande wa pili. Lakini hapo ndipo namna mbili za kufanya kazi zilipogongana: moja haikubali chochote kisichojadiliwa wazi, nyingine inamwadhibu anayejadili wazi. Baadhi ya wakongwe, Alan Cox akiwamo, walihoji kwa nini watumiaji wa dunia nzima wapewe mfumo wenye kasoro kwa sababu ya hataza za nchi chache. Kampuni inayoogopa ikibandike yenyewe kwenye bidhaa zake. Kiraka hakikuingizwa kwenye kerneli kuu.

Baada ya TomTom

Mfano ulikuwa umewekwa, na Android, mfumo wa simu uliojengwa juu ya kerneli ya Linux, ilikuwa inapanda. HTC ilitia saini na Microsoft Aprili 2010, Samsung Septemba 2011. Waliokataa walishitakiwa: Motorola mwaka 2010, Barnes & Noble mwaka 2011 kwa ajili ya kisomaji chake cha vitabu. Ukubwa wa fedha ulijulikana 2014, Samsung na Microsoft walipogombana wenyewe kwa wenyewe na nyaraka za mahakama zikaonyesha kwamba Samsung ilikuwa imelipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka mmoja. Hizo zilikuwa hataza nyingi, si za FAT tu, lakini FAT ilikuwa kwenye kapu.

Katika shauri la Motorola lilitokea jambo ambalo TomTom ingelifurahia kama ingekuwa na uwezo wa kusubiri. Mwaka 1992, kabla ya ombi la Microsoft la Aprili 1993, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux na wakati huo mwanafunzi Helsinki, alikuwa ameandika hadharani kuhusu namna ya kuweka majina marefu kwenye mfumo wa mafaili wa DOS. Hakuwa na nia ya kuanzisha kitu. Alikuwa akijibu mjadala. Ujumbe huo ulifukuliwa, Torvalds akahojiwa kwa kiapo, na Desemba 2011 jaji wa Tume ya Biashara ya Kimataifa akaona unatosha kuiangusha hataza mojawapo. Miaka miwili na ushee baada ya TomTom kulipa.

Mwaka 2013 muda wa hataza hizo mbili ukaisha. Juni 2014 Mahakama Kuu ya Marekani katika shauri la Alice dhidi ya CLS Bank iliamua kwamba kuchukua wazo la kawaida na kuliendesha kwa kompyuta hakutoshi kulipatia hataza, na hataza nyingi za programu zimeanguka kwa hoja hiyo tangu hapo. Ila Microsoft ilikuwa imeshasonga mbele. Mrithi wa FAT, exFAT, aliyetoka 2006 na hataza zake, alikuwa ameteuliwa kuwa mfumo rasmi wa memori kadi za SDXC, zile zinazozidi gigabaiti 32. Kadi ziliendelea kuwa kubwa, na mlango ukawa na kufuli jipya.

Kufuli hilo lilifunguliwa na biashara. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 Microsoft ilikuwa ikipata fedha kwa kukodisha kompyuta zake kwenye mtandao, na wateja wake wengi humo walitaka Linux. Kumtisha mwenye Linux kukawa ni kumtisha mteja. Oktoba 2018 ilijiunga na Open Invention Network, chombo kilekile ambacho TomTom ilikikimbilia, ikiwa na hataza zaidi ya 60,000. Tarehe 28 Agosti 2019 ikachapisha maelezo ya kiufundi ya exFAT na kuunga mkono mfumo huo uingizwe kwenye Linux. Toleo la 5.7 la kerneli, Mei 2020, lilitoka na msimbo mpya wa exFAT ulioandikwa na Samsung.

Lile swali la Machi 2009, kama kinga inayopewa wateja moja kwa moja inamwacha msambazaji salama chini ya kifungu cha 7, lilibaki ndani ya mapatano. Yaliisha muda wake 2014 bila jaji kuyafungua.